Kigae 9/383/220

Simu ililia saa nane za usiku, Sirajganj,
mvua ikigonga bati la ofisi kama mtu aliyesahau ufunguo.
Alikuwa Afroza, muuguzi wa boti ya wagonjwa:
"Dada Dilruba, Noyatola haipo.
Skrini inaonyesha maji matupu,
na nahodha huyu mgeni anaiamini skrini kuliko mimi."

Nikafungua hifadhidata.
Noyatola ipo.
Poligoni ya nukta mia nne na kumi na moja,
kila nukta ilipimwa kwa miguu
na Tozammel, suruali kaikunja hadi magotini,
mwezi mmoja baada ya gharika.
Kaya sitini na tatu. Kisima kimoja. Shule ya mabati
inayofunguliwa nati na kuhamishwa kila mto unaposogea.

Basi nani amekimeza kisiwa?

Watu hudhani ramani ni picha.
Simu huja na namba tatu tu,
kama mtu dukani anayetaja rafu,
na seva huliuliza jedwali: katika mraba huu mna nini?
Faharasa hupekua masanduku ndani ya masanduku,
hutoa kinachogusa, hukiacha kisichogusa.
Kisha mkasi. Kinachovuka ukingo hukatwa,
huachiwa pindo kidogo, kama fundi aachavyo kwenye nguo,
mshono usionekane vigae vikikutana.
Kila kona husukumwa hadi kwenye gridi,
elfu nne na tisini na sita kwa elfu nne na tisini na sita,
hufungwa, hukamuliwa hewa, hutumwa bila rangi.
Bluu ya mto hupakwa na simu yenyewe, kiganjani mwa mtu.
Mimi natoa mifupa.

Na hapo, mstari wa thelathini na nane,
nikakuta maneno ya mkono wangu:
ukuzaji ukiwa tisa au chini yake,
tupa kila kilicho kidogo kuliko pikseli nne.

Niliandika Februari, mto umekonda,
mkuu wangu akinung'unika kwamba vigae ni vizito.
Kigae kikashuka kutoka kilobaiti mia tisa
hadi mia moja na arobaini.
Tuliagiza vitamu vya maziwa, ofisi nzima ikalamba vidole.
Hakuna aliyeuliza
uzito ule uliopungua ulikuwa wa nani.

Pikseli nne, ukiwa juu kiasi hicho,
ni karibu theluthi ya kilomita ya mraba.
Noyatola ni mita mia tano kwa mia nne:
ng'ombe, mahindi,
na mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu alasiri.

Nikalifuta sharti. Nikaandika jingine:
penye watu hapatupwi, hata pakibaki nukta.

"Bado," Afroza akasema.

Kache! Ghala la vigae vilivyokwisha kuokwa,
vinavyogawiwa kama mkate wa jana
ili tanuri lipumzike.
Nikakifuta kigae cha tisa, nikamfuta mzazi wake,
na mzazi wa mzazi, nikapanda ngazi
hadi sifuri, pale dunia nzima
inapolala ndani ya mraba mmoja
na hakuna kisiwa chetu, wala mto, wala sisi.

"Funga. Fungua tena."

Injini. Mvua. Mtu anakohoa.
"Nakiona. Kama chenga ya mchele juu ya mkeka."
Nikaegemea kiti, nikavua miwani.
Kisha akasema, polepole, kama anayeomba radhi:
"Lakini dada, mbona gati mmeliweka kaskazini?
Kaskazini kulimeguka Jumanne."

Nikavaa miwani.
Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, sijui tangu lini.
"Nitajie nukta," nikamwambia,
naye, tochi kaibana kwapani,
akaanza kunisomea ukingo mpya,
namba baada ya namba,
mto ukimsikiliza.